Thelathini ya Siri

Watu wa kijiji cha Izimbya waliwaita wageni wale "watu wa maswali." Walikuja na gari jeupe wakati shule zimefungwa, wakapewa darasa moja la shule ya msingi, na kwa majuma kadhaa wakawa wanaita kaya moja moja, baba na mama pamoja. Kila aliyeitwa alivaa nguo za kwenda kanisani, maana hakuna aliyejua ataulizwa nini. Ilisemekana wanachunguza jinsi watu wanavyoamua mambo ya fedha. Wengine walicheka. Fedha zenyewe ziko wapi mpaka zitafutiwe uamuzi?

Verdiana na mumewe Gozbert waliitwa katikati ya juma, asubuhi yenye ukungu. Gozbert alitembea polepole, akisimama kila kilima kilipoanza, akijifanya anatazama migomba ya majirani. Tangu Pasaka miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vikamkataa, kwa hiyo alivaa kandambili chini ya suruali ya suti aliyofungia ndoa. Figo, daktari alikuwa amesema. Gozbert mwenyewe alisema ni uchovu.

"Wakiniuliza nina mali gani," alimwambia mkewe, "nitawaambia nina mke na kandambili."

Verdiana alicheka. Ndivyo alivyokuwa mume wake, na ndivyo alivyomjua kwa miaka yote ya ndoa yao. Hakuwahi kumnyanyulia mkono. Akiuza kahawa, alikuwa akizitua noti mezani na kusema, "Haya, panga wewe." Walipata mtoto mmoja tu, Edvina, aliyekuwa kidato cha tatu kule Kahororo, na hata siku moja Gozbert hakumlaumu mkewe kwa kukosa mtoto wa kiume, ingawa ndugu zake walimlaumu kwa niaba yake.

Pale shuleni walipokelewa na kijana aliyeitwa Mustapha, mzaliwa wa mjini Bukoba, mwenye sauti ya upole na kishikwambi mkononi. Aliwatenganisha. Gozbert aliingizwa darasani. Verdiana alipelekwa nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu, akakalishwa kwenye dawati la mtoto.

"Mama, sikiliza vizuri," Mustapha alisema. "Hapa hakuna jibu la kosa. Nina njia mbili za kukulipa kwa muda wako, uchague moja. Ya kwanza, nikupe elfu thelathini hapa hapa, kwenye bahasha, na baba asijue. Ya pili, niwape elfu hamsini, lakini mtaitwa pale mbele mkiwa wawili na mtakabidhiwa wote mkiona."

Verdiana aliuliza, "Na yeye anaulizwa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Halafu mashine inapiga kura, inachukua jibu la mmoja wenu."

"Kama ikichukua langu, si atajua?"

"Hatajua. Kuna watu mashine inawatupa nje kabisa, hawapati chochote. Kwa hiyo msipoitwa mbele, atadhani mmetupwa nje. Majibu yako ni siri, mama. Hata mimi nikitoka hapa nimeshasahau."

Mtu mwingine angesema ni swali jepesi. Hamsini ni nyingi kuliko thelathini, na Gozbert hakuwa mlevi wala mtu wa kutapanya. Lakini Verdiana aliposikia yale maneno "baba asijue," akili yake ilibaki hapo, kwa sababu alikuwa na jambo ambalo baba hakutakiwa kulijua.

Yeye alikuwa mtoto wa Muleba. Baba yake alipofariki, Verdiana akiwa bado hajaanza shule, baba zake wadogo na wazee wa ukoo walikaa sebuleni juu ya nyasi za msiba, wakatafuna punje za kahawa, wakasema kibanja, shamba lile la migomba na mibuni, ni cha ukoo na mama yake ni mgeni aliyemaliza kazi iliyomleta. Aliondoka na mama yake siku ile ile, yeye akibeba mkeka kichwani na kaka yake Rwekaza akivuta mbuzi. Mbuzi naye alinyang'anywa njiani. Mama yake aliishi kwa watu hadi akafa kwa watu. Na sasa Verdiana alikuwa na mume mgonjwa, binti mmoja, na shemeji aliyeitwa Karugendo ambaye, kila alipokuja kumjulia hali mdogo wake, alizunguka kwanza kibanjani akikagua mibuni.

Mara kadhaa alijaribu kumwambia Gozbert waende kwa mtendaji wa kijiji, au kwa wakili mjini, kibanja kiandikiwe wosia. Gozbert hakukataa. Hilo ndilo lililokuwa gumu kwake: hakukataa hata mara moja. "Tutaliongea," alikuwa akisema. "Tumalize kwanza kuvuna." Mavuno yalipokwisha alisema waache mvua zipite. Mvua zilipopita alimtazama kwa macho ya mzaha yenye hofu ndani yake, akasema, "Mama Edvina, mbona una haraka ya kunizika?" Basi Verdiana akaacha kusema, akaanza kuweka. Kila alipopeleka ndizi sokoni Bukoba, sehemu ya mapato aliiacha kwa Sumaiya, mwanamke wa Kiislamu aliyenunua ndizi zake miaka mingi na ambaye alimwamini kama dada. Alitaka siku ile ikifika awe na chumba cha kupanga Kahororo, karibu na shule ya mwanawe, na mtaji wa meza ya ndizi. Hakutaka zaidi ya hapo.

"Thelathini," alimwambia Mustapha. "Kwenye bahasha."

Kijana akabonyeza bila kuonyesha mshangao, akatoka. Baada ya muda akarudi na bahasha. Mashine ilikuwa imechukua jibu lake. Verdiana akaikunja, akaisukuma ndani ya sidiria, akaenda kukaa na mumewe kwenye benchi la mbele. Wawili wawili waliitwa, wakapokea, wakapigiwa makofi. Jina la Gozbert halikuitwa.

Walipokuwa njiani kurudi, Gozbert aliuliza, "Wewe ulisemaje?"

"Hamsini," Verdiana alijibu.

"Basi bahati yetu mbovu, tumetupwa nje." Akacheka hadi akasimama kupumua. "Mimi hata sikumwachia amalize. Nilimwambia, kijana, sisi ni wamoja, lete hiyo hamsini."

Verdiana alimshika mkono kumsaidia kupanda. Bahasha ilimkwaruza kifuani mpaka nyumbani.

Mustapha alirudi wakati kahawa imeiva. Verdiana alikuwa mwisho wa kibanja akichuma tangu alfajiri. Gozbert alikuwa ametoka na bodaboda kwenda kliniki, na mkewe hakujua kwamba amesharudi. Daktari hakuwepo siku hiyo, naye akaingia kwa mlango wa mbele, akajilaza chumbani kwa uchovu. Verdiana alisikia hodi ikitoka uani, akaja, akanawa mikono, akamwekea mgeni kigoda chini ya dirisha la chumba hicho hicho, kwa kuwa hapo palikuwa na kivuli.

"Baba yupo?" Mustapha aliuliza, kama alivyofundishwa kuuliza.

"Ameenda kliniki."

"Basi tunaweza kuongea. Ni maswali machache ya kufuatilia." Akafungua kishikwambi. "Zile elfu thelathini ulizochagua kupokea peke yako, mama, umezitumiaje?"

"Nimeziweka."

"Hapa nyumbani?"

"Kwa mtu, mjini. Pamoja na nyingine."

"Kwa lengo gani? Hapa wameniwekea ada, chakula, matibabu, shamba..."

Verdiana alimtazama yule kijana. Alikuwa mtoto wa watu, mpole, na kwa muda mrefu hakukuwa na mtu aliyemwuliza swali lile. Ndiyo maana alisema ukweli. "Kwa ajili ya siku nitakayokuwa mjane. Nikifukuzwa hapa, niwe na pa kulala."

Mustapha alitafuta kwenye orodha yake, hakuona. "Nitaandika nyingineyo," alisema kwa sauti ya chini.

Ndipo kitanda kilipolia ndani ya nyumba.

Wote wawili waliusikia mlio ule. Mustapha aliinua macho kutazama dirisha, kisha akamtazama Verdiana, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyemwaga kitu cha watu. Alitaka kusema neno. Verdiana alimwonyesha njia kwa mkono.

Alipoingia, Gozbert alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, mikono juu ya magoti. Hakuwa amekasirika; hasira Verdiana angeiweza.

"Niliulizwa, nikasema sisi," alisema Gozbert. "Wewe uliulizwa, ukasema wewe."

"Baba Edvina, nisikilize waitu, nakusihi. Sikukuficha kwa kuwa nakuogopa. Ndugu zako ndio..."

"Kila ukinipikia uji ulikuwa unahesabu nimebakiza siku ngapi."

"Usiseme hivyo."

"Umesema mwenyewe. Siku nitakayokuwa mjane." Aliyarudia maneno yale taratibu, kana kwamba anajifunza lugha ngeni. "Na njiani nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukanidanganya, huku umenishika mkono."

Verdiana alipiga magoti sakafuni. Alimweleza yote: mama yake, mkeka, mbuzi, mara zote alizomwomba waende kwa mtendaji. Gozbert alisikiliza hadi mwisho. Halafu akajilaza akageukia ukutani, na Verdiana akaona mgongo wake ulivyokonda, shati likiwa limening'inia juu ya mifupa ya mabega.

Jumapili baada ya misa, Gozbert alimwita Karugendo. Walikaa uani na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, ambacho Gozbert hakukigusa. Verdiana alikuwa jikoni akimenya ndizi. Hakuitwa, wala hakuthubutu kusogea. Alichosikia ni sentensi moja tu, iliyotamkwa na mumewe kwa sauti ya kuchoka: "Huyu ameshajiandalia kwake, kaka, kwa hiyo msihangaike naye." Kisu kikaendelea kumenya. Alitamani kutoka na kusema kwamba "kwake" ni akiba ya noti kwa muuza ndizi, kwamba hata kiwanja kimoja isingenunua. Lakini alimjua mumewe. Gozbert alikuwa ametoa neno lile akiwa ameumia, na kesho au keshokutwa angepoa. Verdiana akaamua kusubiri apoe.

Kabla hajapoa, ugonjwa ukapanda. Tumbo lilijaa maji, akawa hawezi kulala chali. Hospitali ya mjini iliwaambia wampeleke Mwanza kusafishwa damu, na kwamba bima yake haigusi huko. Karugendo alisema atauliza ndugu. Verdiana hakungoja majibu ya ndugu. Alipanda gari la asubuhi hadi sokoni Bukoba, akamkuta Sumaiya akipanga mikungu.

"Naomba zote," alimwambia.

Sumaiya alimtazama, akaacha mikungu. "Zote, Verdiana? Si ulisema hata nikikukuta unalia nisikupe?"

"Nilisema. Sasa nipe."

"Na siku yako ikifika?"

"Ikifika, itanikuta."

Sumaiya alitoa kitambaa kutoka chini ya meza, akaongeza na za kwake juu bila kusema ni ngapi, na wala Verdiana hakuhesabu. Walivuka ziwa kwa meli, Gozbert akiwa amelazwa juu ya magunia ya senene na kahawa ya watu, kichwa mapajani mwa mkewe. Walikaa Mwanza hadi kitambaa kikawa kitambaa kitupu.

Katikati ya matibabu yale, Gozbert akiwa amepata nafuu na macho yake yamerudi kidogo, aliuliza, "Hela hizi umetoa wapi?"

"Ni zile," Verdiana alisema.

Gozbert alielewa. Alitazama mirija iliyokuwa ikipitisha damu yake, ikitoka na kurudi mwilini. Machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, naye hakuyapangusa. "Tukirudi nitaongea na kaka," alisema. "Nitafuta lile neno."

"Mpigie simu."

"Mambo haya si ya simu, mama Edvina. Nitaongea naye nikiwa nimekaa, kama mwanamume."

Wakarudi Izimbya. Siku ya kwanza alichoka na safari. Karugendo alikuja kumwona, akakaa kitandani pake, na Verdiana akasimama mlangoni akiwa na kikombe cha uji mkononi. Wale ndugu wawili waliongea habari za bei ya kahawa na za mtoto wa jirani aliyepata kazi kwenye samaki kisiwani Bumbire. Gozbert alimtazama mkewe, akamtazama kaka yake, akafumba macho. "Keshokutwa, kaka, nikipata nguvu, tuna neno," alisema. Karugendo akajibu, "Pumzika kwanza."

Nguvu hazikuja. Katika siku zake za mwisho alimruhusu Verdiana amwogeshe, amlishe, amgeuze. Mara moja alimkamata kiganja kwa nguvu iliyomshangaza, akafungua mdomo, na Verdiana akasogeza sikio akidhani sasa, sasa ndiyo anasema. Aliuliza kama mbuzi wao amefungwa. Akafa kabla ya mchana wa siku iliyofuata, Edvina akiwa bado yuko njiani kutoka Kahororo.

Walimzika kibanjani, karibu na baba yake na babu yake, na migomba ikakatwa ili kupata nafasi. Nyasi zikatandazwa sebuleni. Watu walilala msibani, wakala, wakaimba, wakasali rozari. Matanga yalipoanuliwa, Karugendo alisimama mbele ya ukoo na wazee wa jirani. Hakuwa na sauti ya mtu mbaya. Hata miaka mingi baadaye Verdiana asingeweza kusema kwamba shemeji yake aliongea kwa ubaya siku ile.

"Marehemu aliniita akiwa na akili zake timamu," alisema. "Aliniambia mkewe amejiandalia kwake. Hatumfukuzi. Sisi si watu wa kufukuza wajane. Tunatimiza neno la ndugu yetu tu. Mtoto ni wetu, atasoma. Kibanja kinarudi mahali pake."

Minong'ono ilipita juu ya nyasi. Wanawake waliokuwa wamemkumbatia Verdiana siku zote zile walilegeza mikono.

"Sina kwangu," Verdiana alisema. "Shemeji, sina. Zilikuwa hela kidogo, nikazitumia zote Mwanza kumtibu."

"Ulizitoa wapi hizo za kumpeleka Mwanza?" aliuliza mzee mmoja.

"Nilikuwa naweka. Nyingine walinipa watu wa maswali. Walinichagulisha, thelathini yangu au hamsini yetu, ilikuwa ni..." Alitafuta neno, akapata moja tu. "Ulikuwa ni mchezo."

"Mchezo," yule mzee alirudia.

"Na wewe ukachagua thelathini," Karugendo alisema taratibu. "Uache hamsini?"

Verdiana alitaka kueleza jinsi thelathini ya siri inavyoweza kuwa kubwa kuliko hamsini ya wote mbele ya mtu aliyewahi kubeba mkeka kichwani. Lakini mbele ya sura zile, hata masikioni mwake mwenyewe, maelezo yale yalikuwa kama ya mke aliyekuwa akingoja. Akanyamaza. Na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa jibu.

Mwalimu mkuu, aliyekuwa amemhurumia, alimwambia kuna baraza la kata, na nyuma ya baraza kuna mahakama. Sheria haiwaruhusu kumtoa hivyo. Verdiana akaenda barazani. Wajumbe walimsikiliza kwa heshima, wakamwambia alete shahidi wa kueleza hizo fedha zilikuwa nini, ili neno la marehemu lionekane lilisemwa kwa kutoelewa. Za kwenye kitambaa angezieleza Sumaiya, lakini swali la thelathini na hamsini lilikuwa na shahidi mmoja tu duniani. Verdiana alimfuata Bukoba, akaulizia hadi akamwona akitoka msikitini baada ya swala ya adhuhuri.

Mustapha alimtambua mara moja. Alimwamkia kwa kuinama, akamvuta kando penye kivuli cha ukuta.

"Nimesikia, mama. Poleni sana."

"Njoo useme tu yale uliyoniambia mimi. Kwamba ulinipa ile bahasha, ni elfu thelathini, si nyumba. Waambie na swali lenyewe lilikuwaje. Utasema na kuondoka."

Kijana alitazama chini. "Nilisaini karatasi, mama. Jibu la mtu siwezi kulitoa popote. Niliwapigia wakubwa wangu juu yako, nikawaomba. Wamesema kanuni ni kanuni, majibu ni siri. Nikivunja, sipati kazi tena kwao wala kwa wengine. Na nyumbani mimi ndiye..."

"Majibu ni yangu. Nakuruhusu."

"Niliwaambia ungeruhusu. Wamesema kuna na majibu ya baba, na yeye hayupo kuruhusu."

Verdiana hakuwa na nguvu ya kumwambia kwamba siri ile ilishatoka siku nyingi, kupitia dirisha la chumba. Alijua naye analijua hilo. Lilikuwa limeandikwa usoni pake.

Mustapha aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti zilizokunjwa. "Hii si ya ofisi. Ni yangu mimi."

Wakati mwingine Verdiana angekataa. Alizipokea, akazifunga kwenye pindo la kanga, akasema asante kama mtu aliyeuza kitu. Barazani hakurudi.

Lililobaki lilikuwa la Edvina. Karugendo alilifanya kwa haki, kama alivyojiona yeye: alimwita binti mbele ya mama yake na kumwuliza achague. Akikaa na ukoo, ada italipwa na chumba chake kitabaki. Akienda na mama, aende kwa amani, lakini ukoo hautamfuata huko na karo.

Verdiana alikuwa amejiapiza kutosema neno, asije akamvuta mtoto kwenye umaskini. Edvina alisimama akisokota kona ya sketi ya shule. Alikuwa amerefuka, na paji la uso lilikuwa la baba yake mtupu.

"Mama," alisema, "ni kweli ulikuwa unaweka hela za baba akifa?"

"Ni kweli."

"Yeye akiwa anakupenda?"

"Akiwa ananipenda. Na mimi nikimpenda."

Edvina alitikisa kichwa. Alikuwa bado mtoto, na mambo hayo mawili hayakuweza kukaa ndani ya kichwa chake kwa pamoja. "Nitabaki hapa," alisema. "Kaburi la baba litapaliliwa na nani?" Kisha akaanza kulia, akakimbilia ndani. Verdiana hakumfuata, maana ndani hakukuwa kwake tena. Alijua pia kwamba binti amechagua vizuri. Kama angeulizwa yeye, na akili zake zote, angemchagulia hivyo hivyo.

Aliondoka asubuhi yenye manyunyu kwenda Muleba, godoro likiwa limefungwa nyuma ya bodaboda hadi kituoni. Kaka yake Rwekaza alikuwa na kipande kidogo cha ardhi alichokinunua kwa jasho lake, watoto sita, na mke ambaye hakuwa mkali wala mpole. Hawakumwuliza maswali. Habari ilikuwa imeshafika kabla yake, na kwa namna walivyompokea alijua imefika vipi: walimkaribisha vizuri, wakampa chakula, na wifi yake alipotaka kuhesabu pesa za mafuta ya taa aliinuka akaenda kuzihesabia chumbani.

Alilazwa kwenye stoo, kati ya magunia ya maganda ya kahawa. Asubuhi aliamka kabla ya wenyeji, akafagia uwanja, akachota maji, kisha akamngoja wifi yake atoke. Alipotoka, Verdiana alichukua jembe na panga vilivyoegemezwa ukutani.

"Nianzie upande gani?" aliuliza.

Wifi alimwonyesha kule chini bondeni, ambako mnyauko ulikuwa umeingia na majani ya migomba yalikuwa yakining'inia ya njano kama nguo zilizolowa. "Ile yote imeshakufa," alisema. "Ikate, uing'oe na visiki, uifukie. Usiache hata mmoja, na panga ulipitishe kwenye moto kabla hujaligusisha mgomba ulio mzima."

Verdiana aliteremka. Manyunyu yalikuwa bado yanaanguka. Aliukata mgomba wa kwanza, ukadondoka kwa uzito wake bila kelele, na mahali alipokata pakaanza kutoka majimaji ya njano. Akaufuata wa pili.